Bibi Aliyeingia Mkenge

Mdomo wangu hauna breki, na sioni haya kulisema hilo kwa sababu ndiyo kazi inayonilisha. Nakaa mapokezi ya ofisi ya maji, meza ya kwanza ukiingia, na ujumbe wowote ukifika kwenye kompyuta yangu nausoma kwa sauti. Bomba lililopasuka, mkutano ulioahirishwa, keki iliyoachwa jikoni, ghorofa nzima husikia kwangu kwanza. Wenzangu wamezoea hivyo hata barua zao wenyewe wanazifungua kwa uvivu.

Anayeumia kwa tabia hiyo ni mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee, ambaye ndiye fundi wa usalama wa kompyuta hapo hapo ofisini. Kijana ana adabu zake. Tukipishana kwenye korido ananiamkia kichwa kikiwa chini kama aliyefumaniwa na kitu mfukoni. Lakini ikija kazi yake hana mswalie Mtume.

Basi akatuletea programu aliyoipa jina la Ndoano. Alitueleza mkutanoni kwamba wezi wa siku hizi hawavunji milango. Wanakuandikia barua tamu, ukibofya tu wameshaingia. Ndoano ingetutumia barua za uongo za namna hiyo ili tujifunze kabla hatujaibiwa, na ingezitunga yenyewe, kila mtu na yake, kwa kuchungulia tunachotafuta kwenye kompyuta za ofisi na jamaa tuliowaandikisha kwenye fomu za kazi. Atakayebofya angebandikwa jina ubaoni, kisha aende darasani. Mhasibu, ambaye hapendi kuonewa, akauliza kama wakubwa nao wamo. Mkwe wangu akajibu kwamba haachwi mtu, hata yeye mwenyewe anachunguliwa, na barua zitakwenda bila yeye kuziona. Tukampigia makofi kwa uadilifu wake. Mimi nilipiga kuliko wote.

Asubuhi moja nimeketi na chai yangu, ujumbe ukaingia. Nikausoma kama kawaida, kwa sauti ile ile ya kutangaza mabomba: "Hongera, bibi mtarajiwa. Binti yako ana habari njema. Bofya hapa uone picha ya kwanza ya mjukuu wako."

Nilibofya kabla sijamaliza kusoma. Picha haikufunguka, nikaulaumu mtandao, nikapiga kigelegele kilichowatoa watu vyooni. Mhasibu akanikumbatia. Dereva akaanza kupendekeza majina. Wengine wakaenda moja kwa moja ofisini kwa mkwe wangu kumpa mkono, naye, nilivyoambiwa baadaye, alisimama pale amepauka, anashukuru bila kujua anachoshukuru.

Haukupita muda akaja mapokezi akaniomba tuongee faraghani. Tuliingia stoo ya karatasi, tukasimama katikati ya maboksi. Akaniambia, macho sakafuni, kwamba ile barua ilikuwa ya Ndoano.

Nilihisi kama nimemwagiwa maji baridi, halafu hasira ikanipanda. Nilimuuliza kama amekosa uongo mwingine wa kumpa mkwewe. Kwa nini asinidanganye kwa zawadi ya simu kama watu wote wanavyodanganywa?

"Sikuiandika mimi, mama," alisema. "Na programu haikuwa na nia mbaya. Haina nia yoyote."

"Haya, yenyewe haina. Wewe uliyeiachia, nia yako ilikuwa wapi?"

Machozi yalinitoka, nikayafuta kwa mkono wa blauzi. Lakini mimi nimekaa mapokezi miaka mingi na nyuso za watu nazisoma kuliko barua. Kijana alikuwa anatoka jasho lisilolingana na kosa lake. Nikamuuliza Ndoano ilitoa wapi habari ya mjukuu, maana mimi sijawahi kutafuta kitu kama hicho kwenye kompyuta yangu.

Akaegemea maboksi. Akasema ni yeye aliyetafuta, wakati wa chakula cha mchana. Vitanda vya watoto wachanga, na dawa ya kichefuchefu cha asubuhi. Ndoano ikamwona, ikaona mkewe ni binti yangu, ikaunganisha.

"Kwa hiyo ni kweli," nikasema.

"Ni kweli, mama. Alitaka akwambie mwenyewe, wakati wake ukifika."

Hakuhitaji kunieleza zaidi. Mimba ya kwanza tuliifurahia mapema, kila mtu akajua, na ilipotoka binti yangu alilazimika kumjibu kila aliyemuuliza amefikia mwezi wa ngapi. Wengine walimuuliza hapo hapo mapokezi, anapokuja jioni kumpitia mumewe. Na jioni hiyo angekuja tena, akute ghorofa nzima inamsubiri kwa vicheko na mikono.

Mkwe wangu alikuwa tayari kwenda kukiri kila kitu. Nikamwambia akakiri kwa mkewe, na kwa bosi akaseme programu yake inachungulia yasiyoihusu. Hawa wengine aniachie mimi.

"Jina langu libandike ubaoni," nikamwambia. "Herufi kubwa."

"Mama, wewe? Nilikuwa nalifuta."

"Bandika."

Nikarudi mezani kwangu nikatangaza kwamba nimeingia mkenge, mjukuu hayupo, ni uongo wa Ndoano. Walicheka mpaka dereva akakaa chini. Mhasibu akanibatiza Bibi Mtarajiwa. Nikawasihi tu wasimwambie binti yangu, asije akanicheka naye, na kwa hisani yao wakakubali. Jioni alipokuja walimsalimia kama siku zote, akapita na begi lake. Nilimwangalia mpaka mlango ukafungwa.

Usiniulize mkwe wangu alilala wapi siku alipokiri. Ndoano siku hizi haichungulii mtu. Inatuma uongo wa vifurushi na mialiko, na yeye anausoma kila mmoja kwanza. Darasani nilikaa mbele. Alipofundisha kwamba barua ikikufurahisha mno usiiamini, nikatikisa kichwa kwa utiifu, huku moyo wangu unacheza ngoma. Utani wa Bibi Mtarajiwa niliubeba, mimi nisiyeweza kuficha hata keki, na sikumjibu mtu.

Mpaka juzi. Binti yangu aliingia mchana kweupe, gauni limembana mbele, akatembea taratibu mpaka mezani kwangu. Kalamu zote zikasimama. Akaegemea meza, akatabasamu.

"Haya mama, watangazie."

Nikasimama. Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, sauti haikutoka. Mhasibu ndiye aliyepiga kigelegele.