Blogu ya Bojana na Simu ya Mzee Radisav

Habari ya kazi ilipomfikia Bojana, mtu wa kwanza kushukuriwa nyumbani kwao hakuwa Bojana. Baba yake, Miodrag, alisikia maneno mawili tu, "Novi Sad" na "nimepata", akarusha kofia yake juu ya friji na kupaza sauti: "Aishi Radisav! Mungu amweke Radisav!" Akamkumbatia mkewe, akamkumbatia na jirani aliyekuja kuazima sufuria. Binti mwenyewe akabaki kasimama katikati ya jiko, simu mkononi, kama bibi harusi aliyesahauliwa na wapiga picha.

Huyo Radisav ni baba wa ubatizo wa Bojana, na kwetu baba wa ubatizo ni ndugu kupita ndugu wa damu. Zamani alikuwa naibu mkurugenzi wa kiwanda cha skrubu hapa mjini Valjevo, Serbia. Sasa ni mstaafu na mjane, lakini cheo, kwa watu kama Miodrag, hakistaafu. Tena mji wetu huu, nisikufiche, hauamini kwamba mtu anaweza kupata kazi bila mtu kumpigia mtu simu. Karani wa posta kaingia kwa simu, daktari wa meno kwa simu, na hata padri wetu, wenye ndimi zao husema, kuna aliyempigia Mungu.

Miaka minane cheti cha uhandisi cha Bojana kilikaa kwenye bahasha huku mwenyewe akiuza vigae vya bafuni. Kila mwaka Miodrag alikibeba hadi kwa Radisav, na kila mwaka Radisav alijibu, "Tutaona, ndugu yangu, tutaona." Hakuna kilichoonekana. Ndipo Bojana akaanzisha blogu.

Mwanzoni, lo! Aliandika kama mtu anayeomba msamaha kwa maprofesa wake. Usambazaji wa nishati joto katika majengo ya makazi, sehemu ya kwanza. Wasomaji walikuwa wanne, na wawili kati yao ni yeye mwenyewe, mara kwa simu, mara kwa kompyuta. Aliyemwambia ukweli ni Senka, mke wa kaka yake, ambaye ulimi wake hauna breki.

"Wifi, hiki ulichoandika hata adui yako hatakimaliza," alimwambia. "Mbona tukinywa kahawa unanisimulia hayo hayo mabomba ya kupasha nyumba joto nacheka mpaka nashika mbavu? Si uandike hivyo hivyo!"

Akaandika hivyo hivyo. Kwa nini ghorofa ya nane huganda huku ya pili inafungua madirisha kwa joto katika baridi ya Januari. Kwa nini bomba hugonga ukutani kama mdai. Na siku moja, kwa kuuma meno, akaeleza jinsi yeye, mhandisi mzima mwenye cheti, alivyojitia ujuaji akarekebisha vali za jengo lao na kuwanyima majirani joto tangu Ijumaa hadi Jumatatu, bibi wa ghorofa ya tano akalala na koti la manyoya. Alichora na michoro kuonyesha alikosea wapi. Makala ile ndiyo iliyompeleka mbali. Watu wa Niš wakamwandikia, wa Subotica wakamwandikia, na katika mwaka wa tatu akaandika mkurugenzi wa kampuni moja ya Novi Sad inayosanifu mifumo ya joto. Alimwita, akamhoji, akampa kazi. "Wahandisi wanaojua ninao," alimwambia. "Niliyekuwa namtafuta ni anayeweza kusema alikosea wapi."

Basi wewe uliye na moyo, hukumu. Bojana hakudai keki wala ngoma. Alitaka kitu kimoja: baba yake ajue kwamba kazi hii kaipata mwenyewe.

"Baba, ni blogu," alisema. "Hakuna aliyepiga simu."

"Blogu, blogu! Blogu ina mdomo? Radisav ana mdomo."

"Umewahi kuisoma hata mara moja?"

"Nisome nini? Mabomba? Mabomba nayasikia usiku kucha, sihitaji kuyasoma!" Miodrag akacheka kwa furaha yake, wala hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililouma. Kesho yake akanunua paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, akamtwika bintiye. "Mpelekee baba yako wa ubatizo. Na umshukuru vizuri, usinitie aibu."

Bojana alikwenda, lakini shukrani hakubeba. Alibeba paja la nguruwe na hasira, na hasira ilikuwa nzito zaidi. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Leo mzee huyu atasema alimpigia nani, saa ngapi, kwa namba ipi.

Radisav alifungua mlango mwenyewe. Alipouona mzigo, uso ukamshuka.

"Hiyo ya nini tena, mwanangu?"

"Ya simu yako. Ulimpigia nani, Baba Radisav?"

Mzee aliingia jikoni, akainjika kahawa, ikachemka ikamwagika, akafuta jiko kwa kitambaa, akakikamua, akafuta tena palipokuwa pakavu. Bojana alisimama mlangoni akimngoja.

"Sikumpigia mtu," alisema mwishowe. "Baba yako alipiga hapa analia kwa furaha, ananiita mkombozi. Nikataka kumwambia, nikameza mate kwanza. Nilipomaliza kumeza, alikuwa ameshakata."

"Na siku zote zilizofuata?"

"Siku zilizofuata watu walinisalimia barabarani." Akaketi. "Mwanangu, waliokuwa wakipokea simu zangu wako makaburini. Waliobaki hawanijui. Nikipiga, binti wa mapokezi ananiuliza, Radisav yupi? Nami sijui nimjibu nini. Zile 'tutaona' zangu zote, ulidhani ni kiburi? Nilikuwa naona haya."

Bojana aliyasikia hayo, na yale maneno yake yote aliyoyapanga njiani yakakosa pa kutokea. Mzee akamwomba jambo moja: amwachie mpaka sikukuu ya Mtakatifu Dimitri ipite, mtakatifu wa nyumba ya Miodrag. Akae mezani mara moja tu akiwa mtu kamili. Baada ya hapo atasema mwenyewe. Bojana akakubali. Akateremka ngazi bila paja na bila hasira, na kukosa ile hasira kukamkera kuliko yote.

Sikukuu ikafika. Kwetu siku hiyo hakuna anayealikwa na hakuna anayefukuzwa. Anayekumbuka njia huja. Mshumaa uliwashwa, mkate ukakatwa, kila aliyeingia akaonja kijiko cha ngano tamu na kubusu watu mara tatu tatu. Nyumba ilinuka nyama na kabichi. Radisav alikalishwa kando ya mwenye nyumba, tai imemkaba shingo, na kila mara sahani yake ilipopungua Stanka, mama yake Bojana, aliijaza tena.

Miodrag alisimama na glasi ya pombe ya plamu. "Kwa ndugu yangu Radisav! Huyu binti kaandika miaka mitatu, macho yakamwingia ndani. Huyu bwana kainua simu mara moja tu. Sasa niambieni, kipi kina kasi?"

Watu wakacheka, wakanywa. Bojana naye akacheka kicheko cha kubandika. Radisav aliitazama kabichi yake kama mtu anayesoma gazeti.

Senka peke yake hakucheka. Lazima nikuambie habari za Senka: alikuwa mtaalamu wa vyakula katika kiwanda cha juisi, kiwanda kikafungwa majira ya kuchipua, akabaki na cheti na mikono mitupu. Kwa kumwona wifi yake, naye akaanza blogu, juu ya kabichi za kuchachusha kwenye mapipa: kwa nini hulainika, kwa nini hunuka, chumvi ipimwe vipi. Sasa aliinuka mezani, akaenda chumbani, akarudi na cheti ndani ya jalada la plastiki. Akakiweka kando ya sahani ya Radisav.

"Baba Radisav, hata mimi ni mtoto wa nyumba hii, ingawa nimeletwa na ndoa," alisema. Alijaribu kutania, ila sauti ilimtetemeka. "Ile blogu yangu naifuta leo leo. Nilikuwa najidanganya bure. Nipigie na mimi simu moja."

"Hilo ndilo neno!" Miodrag alipiga meza. "Piga sasa hivi, ndugu yangu! Kwa yule yule wa Novi Sad! Tusikie na sisi!"

Bojana alikuwa amedhani ile ahadi yake inamgharimu yeye tu. Kumbe ilikuwa inamla mtu mwingine, tena yule yule aliyemfundisha kuandika. Akafungua kinywa aseme. Lakini chini ya mshumaa wa mtakatifu hata adui haaibishwi, sembuse mzee aliyekushika kwenye maji ya ubatizo. Akamtazama Radisav, naye Radisav akatikisa kichwa kidogo, kama kusema, ngoja. Mzee akavaa miwani. Akachukua simu yake, akaanza kutafuta namba kwa kidole kimoja, taratibu. Akaiweka sikioni.

Simu ya Bojana ikalia ndani ya mfuko wa aproni yake.

Aliitoa, akaona jina, akaduwaa. Watu wote walimgeukia.

"Pokea," alisema Radisav.

Akapokea.

"Halo," alisema mzee, akimtazama usoni ng'ambo ya meza, simu sikioni. "Ni mhandisi Bojana?"

"Ndiye."

"Samahani kwa usumbufu, mhandisi. Kuna dada hapa anaitwa Senka. Ana cheti, na anaandika vizuri, nimemsoma. Nimeombwa nimtafutie mtu wa kumpigia." Akavuta pumzi. "Nimepekua namba zangu zote. Sina mwingine anayepokea."

Miodrag akajaribu kucheka, kicheko kikakataa. "Radisav, mzaha gani huu? Si upige kule kule ulikopiga?"

"Kule sijawahi kupiga, Miodrag. Simjui mtu hata mmoja kule. Anayejulikana kule ni binti yako, na alijitambulisha mwenyewe, kwa kuandika." Mzee alilegeza tai. "Nilipaswa kukuambia siku ile ile. Nilipenda kushukuriwa."

Simu bado ilikuwa sikioni mwa Bojana. Hakujua pa kutazama, basi akasema ndani ya simu, kwa sauti iliyokwaruza, "Baba Radisav, mwambie asifute. Mwambie ile makala ya kabichi zilizolainika ni nzuri, ila aanze na lile pipa aliloliharibu yeye mwenyewe mwaka juzi. Watu wataanzia hapo kumwamini."

"Mimi niko hapa hapa, wifi!" Senka alipaza sauti, akicheka na kupenga kamasi kwa pamoja. "Si uniambie mwenyewe! Na lile pipa nani kakwambia utangaze mbele za wageni?"

Meza ikaangua kicheko, glasi zikagongana. Kaka yake Bojana akalichukua jalada la plastiki, akalifuta mafuta kwa mkono wa shati, akamrudishia mkewe. Stanka alimjazia Radisav sahani kwa mara nyingine, akambusu kipaji cha uso.

Miodrag hakuwa miongoni mwa waliocheka. Alikuwa ameketi, glasi imejaa mbele yake, anamtazama bintiye kama mtu aliyepita nyumba moja miaka mingi na leo tu kauona mlango wake. Aliangaza macho mezani kwa aibu, akakohoa, akasogeza kiti chake karibu na cha Bojana.

"Miaka yote hiyo," aliuliza polepole, "ulikuwa unaandika nini humo?"

Siku aliyoambiwa amepata kazi Bojana hakutoa chozi. Sasa alifungua kinywa kumjibu baba yake, akalia mbele ya wageni wote.