Baiskeli ya Waithaka

Spana ilipokataa kuzunguka, Dalmas Owuor aliichomekea bomba la futi tatu, akaweka goti juu ya fremu, akasukuma. Alikuwa akifungua kikombe cha chuma kinachoshika ekseli ya pedali, upande wa kulia, na kila fundi wa Nakuru anajua kwamba upande ule hufunguliwa kinyume: unazungusha kama anayekaza, nacho kinalegea. Ndivyo Waingereza walivyoamua, na Dalmas alikuwa amefungua baiskeli za Waingereza miaka kumi na miwili.

Lakini hii ilikuwa ya Mtaliano. Kitu kililia ndani ya fremu, bomba likaenda mbele kwa wepesi, na kabla hajainama kutazama alijua kwamba muda wote alikuwa akikaza. Meno ya skurubu yalikuwa yameng'oka.

Aliketi chini akingoja kuhisi hasira, au hata hofu. Hakuhisi kitu.

"Imevunjika?" aliuliza Truphosa, mkewe, kutoka mlangoni.

"Meno yameisha."

"Na mwenyewe anashuka na gari la moshi la saa nne."

"Najua."

"Baba Achola, wewe umekula hii baiskeli ya watu kama mchwa. Hata mchwa anabakisha udongo."

Hakuwa akimsingizia. Waithaka, jirani yao wa mlango wa pili katika nyumba za reli, aliendesha malori ya jeshi huko Abisinia wakati wa vita, akarudi na baiskeli hiyo nyekundu aliyoitoa Addis Ababa. Aliipangusa kila jioni, mpaka watu wakamtania kwamba mkewe, Mugure, ameletewa mke mwenza. Kisha ikaja siku ya msako wa Mau Mau, mwaka wa hamsini na nne, askari wakawakusanya Wakikuyu wote wa mtaa. Dalmas alikuwa dirishani ananyoa ndevu. Alimwona Waithaka akipandishwa lori, mikono kichwani.

"Owuor!" Waithaka aliita. "Niwekee baiskeli!"

Dalmas aliitikia kwa kichwa, akaendelea kunyoa mpaka akamaliza shavu la pili. Tangu asubuhi ile moyo wake ulikufa ganzi, na mtu aliyekufa ganzi hajui anapokatwa wala anapowakata wengine.

Kwanza alitoa kengele, binti yake Achola aichezee. Khisa, mpeleka mikate, alipopinda rimu yake, alipewa gurudumu la mbele; si baiskeli inakaa tu? La nyuma likafuata. Kikaenda kiti, ikaenda cheni, zikaenda pedali na ekseli yake. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia. Ilipotimia miaka minne, kilichobaki kuning'inia ukutani kilikuwa fremu na usukani.

Halafu wiki mbili zilizopita Rahab, muuza kabichi, akaleta salamu za Mugure. Waithaka ameachiliwa kutoka kizuizini. Jumamosi atapita achukue baiskeli yake aende nayo Bahati, kwenye shamba ambako Mugure anafanya kazi, na karatasi yake inamtaka awe ameripoti huko kabla ya jua kuzama. Ni maili kumi na tatu, nyingi zake za kupanda.

Kwa hiyo Dalmas alizunguka mtaani akiomba. Gurudumu la mbele alilipata kwenye baiskeli mbovu ya tarishi, la nyuma kwenye lundo la vyuma nyuma ya karakana. Kiti kilikuwa cha baiskeli ya kike. Cheni peke yake ndiyo aliyoinunua mpya. Sasa alikuwa na pedali na ekseli za Kiingereza na tundu la Kitaliano, na kikombe cha Kiingereza kilicheza ndani yake kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba.

Alikata ukanda wa bati kutoka mkebe wa mafuta ya kupikia, akauzungushia kikombe, akakigonga kwa nyundo taratibu. Kikashika. Kingeshika mpaka lini, Mungu ndiye ajuaye.

Waithaka aliingia uani saa nne na nusu, amevaa koti la mtu mnene na kubeba blanketi lililofungwa kwa kamba. Truphosa alimsogezea kigoda. Alisema asante, atasimama tu.

"Jambo, Owuor."

"Jambo sana, ndugu yangu. Pole. Pole sana."

"Ni sawa."

Dalmas alijifuta mikono kwenye suruali. "Waithaka, wacha nikwambie ukweli. Hii gurudumu ya mbele si yako. Hata ya nyuma. Hata hiyo kiti. Nilitoa kitu moja moja nikapea watu, na leo asubuhi hata hapa katikati nimeharibu..."

"Inazunguka?"

"Inazunguka."

"Basi."

Dalmas angefurahi kutukanwa. Siku kumi na nne alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa ngumi, na sasa hakuna aliyempa. Waithaka aliizunguka baiskeli polepole, akaweka kiganja juu ya kiti, akakilalia kwa uzito wake wote. Kilimbeba.

"Toa hii cheni," alisema.

"Cheni? Lakini hiyo ndiyo kitu mpya peke yake!"

"Itachafua suruali bure. Mimi nitasukuma tu." Alipiga goti lake la kulia kwa ngumi, bila kulitazama. "Hii haikunji tena. Walivunja ule mwaka wa kwanza."

Alisema kama anayesema mvua haijanyesha. Truphosa alijifunika mdomo kwa leso. Dalmas alipiga magoti, akafungua cheni. Ganzi ilikuwa inamtoka, na ilitoka kwa uchungu, kama kwenye mguu uliolaliwa usiku kucha. Alipoinua kichwa, blanketi lilikuwa tayari limefungwa kwenye usukani.

"Kwaheri, Owuor. Salimia mtoto."

"Ngoja nikusindikize."

Waithaka alikuwa ameshageuka. Alishika njia, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kiti, akipiga hatua moja na kuburuta nyingine.

"Baba Achola!" Truphosa alifoka. "Unasimama nini? Mfuate!"

Dalmas alimfuata. Mtu wa mguu mmoja si wa kushinda mbio, na walipofika barabara ya Bahati zilikuwa zimebaki hatua ishirini kati yao. Hapo Dalmas akaona haya kumsogelea zaidi. Jua lilikuwa kali, kilima kikaanza, na kila Waithaka aliposimama kupumzika, Dalmas naye alisimama.