Rubisi ya Kumalizana

Siku mwalimu mkuu Placidius alipoingia uani kwao na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, Vestina alikuwa jikoni akimenya ndizi. Laiti angejua, angetoka na kisu chake akakipasua kile kibuyu palepale!

Mwezi uliotangulia, mwalimu huyohuyo alisimama mbele ya mkutano wa wazazi, hapohapo Nyakasimbi, akatangaza kuwa matroni mpya wa shule ni Vestina binti Sebahire, na ataanza muhula ukifunguliwa. Watu wakapiga makofi. Vestina akaacha kazi yake ya uhudumu wa zahanati kule Kaisho, na nafasi yake ikapata mtu upesi kuliko alivyofunga mizigo. Shule ilipofunguliwa, umatroni akapewa shemeji yake Placidius, aliyetoka Muleba juzi tu. Hivyo Vestina akakosa huku na huku.

"Mzee, nimekuja tumalizane," Placidius alimwambia baba yake Vestina. Mzee Sebahire hakuwahi kumrudisha mgeni na pombe yake. Akatia mrija, akanywa, wakapiga soga mpaka ndizi zikaiva, na Vestina ndiye aliyewapakulia.

Hasira hazikumwachia nafasi ya usingizi. Akadandia lori la kahawa hadi Bukoba, kwa afisa kazi.

"Kwa kuwa hukuanza kazi, siwezi kusema umefukuzwa," afisa alimweleza. "Lakini alikuahidi, ukakubali, ukaacha kazi yako kwa ajili hiyo. Makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano, na mashahidi unao. Mdai fidia mahakamani."

Vestina akarudi na moyo mkunjufu, akafungua shauri mahakama ya mwanzo, na shahidi wake wa kwanza akawa baba yake.

Placidius hakukana lolote. Aliomba tu kumuuliza shahidi.

"Shikamoo, mzee. Nilileta pombe kwako?"

"Marahaba, mwalimu. Ulileta."

"Nikaomba nini?"

"Tumalizane."

"Ukanywa?"

"Nikanywa."

Wazee wa baraza waliokaa na hakimu hawakuhitaji kunong'onezana. Pombe ya suluhu imenyweka nyumbani kwao, walisema, basi kesi imekwisha. Hakimu akakubaliana nao. Placidius akampa mzee mkono kwa heshima zote, na Vestina akatamani ardhi immeze mtu, ila si yeye.

Kabla hawajatoka, hakimu alimwambia Vestina anaweza kukata rufaa wilayani. Njiani akalishika hilo kwa mikono miwili.

"Baba, mimi sikuinywa ile rubisi, wala sikuitwa. Twende ukaseme hivyo tu: kwamba mlikunywa ninyi wawili na mimi nikiwa jikoni."

Mzee Sebahire akasimama, uso umemshuka.

"Mbele za watu, mama? Nikaseme nilikunywa nikakunyima? Wataniona mchoyo, baba anayemnyima mwanawe!"

"Ndivyo ulivyofanya, baba," alisema Vestina, akatangulia.