Mkono Uliobaki Begani

Fundi wa tovuti alipofika karakanani, Bosi alikuwa chini ya kochi la watu watatu akichokonoa pini kwa bisibisi, kwa hiyo binti alisalimiana na miguu.

"Shikamoo."

"Marahaba," ilijibu miguu. "Sogeza hiyo sponji ukae."

Fremu za mbao ziliegemea ukuta, vumbi la sponji liliingia hadi kwenye chai, na feni ilizunguka kama imelazimishwa. Hayo yalikuwa ya kawaida. Tatizo lilikuwa tovuti. Aliijenga mdogo wake Bosi, aliyeitwa Chaki kwa sababu chaki haikumtoka sikioni. Alijifundisha mwenyewe jioni baada ya kazi, akibandika kipande hiki leo na kile kesho. Alipofariki, tovuti ikabaki yatima. Kila kipande kilidai kusasishwa, na ukikisasisha kimoja, kingine kinanuna. Mara ukurasa mweupe mtupu. Mara mtu anatafuta kochi, anakaribishwa na tangazo la kamari.

"Nataka kitu kisicho na kelele," Bosi alisema akijipangusa magoti. "Nikikisahau mwaka mzima, kisinifokee."

"Kipo, kwenye jukwaa la kukodi. Wenye jukwaa ndio wanaohangaika na matengenezo, wewe unabadilisha picha tu. Ila hakibebi mizigo. Kurasa tatu: Karibu, Kazi Zetu, Wasiliana Nasi."

"Hizo hizo."

"Na huu wa Mafundi Wetu?"

Ukurasa huo ulikuwa na picha moja. Ndugu wawili wamesimama nyuma ya meza ya kukatia, wamekatwa kiunoni na ukingo wa picha. Chaki anatabasamu, mkono wake wa kushoto uko begani kwa kaka yake. Chini yake palielezwa kwamba kiti cha mgongo duara, kilichoipa karakana jina, kilichorwa na Chaki kwa ajili ya mgongo wa mke wake.

"Huo toa," Bosi alisema. "Nikate mimi, uniweke ukurasa wa kwanza. Andika: mwanzilishi na mbunifu."

"Na huyu?"

"Marehemu huyo."

"Najua, mzee, lakini hapa imeandikwa kiti ni..."

"Binti, kochi likishavalishwa kitambaa kipya, umewahi kusikia mtu akiuliza la zamani lilikuwa rangi gani?"

Binti hakuwahi. Akaikata picha, akaihamisha, akaufuta ule ukurasa.

Chaki akatokea nyuma ya meza ya kukatia. Alivaa shati la kwenye picha. Chini ya kiuno hakuwa na kitu, kwa kuwa picha iliishia hapo, na mkono wake wa kushoto uliishia kwenye kifundo. Kiganja kilikuwa kimebaki kwenye tovuti mpya, begani kwa Bosi. Binti alijaribu kukikata. Kikasogea karibu na shingo.

"Kiache," Bosi alisema. "Watadhani ni mteja aliyeridhika." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Habari za siku nyingi? Utakunywa chai?"

Chaki alitabasamu. Alitabasamu vilevile alipoombwa asogee kidogo apishe mkasi. Binti akafunga kompyuta, akaaga wote wawili, akaenda zake.

Kufikia mchana Chaki alikuwa ameokota sindano na anashona ukingo wa kiti, akivuta uzi kwa meno. Bosi aliikagua ile mishono, hakuona pa kukosoa, akamwekea kiti kingine mbele. Siku hizo Bosi alianza kutembea bega la kushoto limeinama. Alisema ni uzee.

Mke wa Chaki naye alikuwa na kazi yake. Tangu afiwe, alitengeneza viti vya mgongo duara sebuleni kwake, kwa vipimo vya mumewe. Mteja akiuliza kama ameiga, alimfungulia ule ukurasa kwenye simu. Hakuwa na kibali kingine. Sasa mwalimu mmoja aliyetaka viti vinne alikuwa ameifungua tovuti mwenyewe, akamkuta Bosi, mwanzilishi na mbunifu. Mjane akamshika mwalimu mkono, wakaja karakanani.

"Shemeji, mwalimu anasema mimi naiba kazi yako."

"Karibu kwanza, shemeji. Unasimama mlangoni kama msoma mita."

"Sikuja kukaa. Rudisha ukurasa wa mume wangu. Hii kazi ndiyo inayotulisha."

"Jukwaa jipya halina nafasi."

"Jina moja litajaza nini?" Ndipo alipomwona mumewe nyuma ya meza. "Umekonda," alimwambia.

Chaki alitabasamu.

"Shahidi huyo hapo," Bosi alisema. "Muulizeni. Mimi sijamfunga mtu mdomo."

Mwalimu alisogea, akampa pole kwa kufariki, kisha akauliza kwa sauti ya darasani, "Kiti hiki ulikichora wewe, au kaka yako?"

Sindano ikasimama hewani.

"Mwambie," mjane alisema. "Mwambie ulivyonipima mgongo kwa kamba ya kiatu, mimi nikacheka mpaka ukaanza upya. Neno moja tu."

Macho ya Chaki yalilowa. Lakini picha ilipigwa siku ya furaha, na mdomo haukuwa na namna nyingine. Aliwatabasamia wote watatu, mmoja baada ya mwingine.

"Mimi naona amefurahi tu," mwalimu alisema. "Nisamehe, dada. Nitakwenda na ilivyoandikwa." Akaagiza viti vyake vinne kwa Bosi, na Bosi akatoa futikamba.

Mjane alibaki. Alimshika mumewe kiwiko ampeleke nyumbani, lakini kila walipouacha ukingo wa meza Chaki alififia, mpaka akabaki kola na tabasamu. Akamrudisha. Akamwona anajaribu kutunga uzi kwa mkono mmoja, unakwepa tundu, anajaribu tena. Alivuta gunia la sponji, akaketi, akamtungia.

Kesho yake alikuja tena. Sebuleni kwake hakukuwa na aliyebisha hodi kuulizia viti.

Tovuti mpya haijaanguka hata mara moja. Wateja huandika humo kuisifu mikono ya Bosi, na mjane humsomea mumewe sifa hizo kutoka kwenye simu, taratibu, bila kuruka neno. Bosi akiwa chini ya kochi husikia, hujibu, "Tunashukuru." Wageni wakiuliza yule mama kwenye gunia ni nani, Bosi huwaambia, "Shemeji yangu huyo. Anatusaidia."

Mjane huinamia uzi. Chaki hutabasamu.