Ukingo wa Kushoto

Binti yangu hupanga safari zake za mtumbwi kwa ramani na ripoti za wapimaji wa zamani. Picha za mtandaoni, anasema, zinautazama mto kutoka juu tu. Mpimaji aliupita mwenyewe, akaandika kila poromoko na pa kushukia.

"Huyu mzee alipita na wapagazi na masanduku ya chuma," aliniambia akifunga mkoba. "Mimi na shoga yangu, na mtumbwi mwepesi, tushindwe?"

"Yeye hakuwa na mama wa kumkosesha usingizi."

"Mama nawe! Nitakupigia tukifika darajani."

Hakupiga. Wiki nzima ikapita. Sasa mimi na baba yake tulikuwa kituo cha uokoaji, ripoti ya mpimaji imefunguliwa mezani, nahodha wa boti akiifuata kwa kidole.

"Poromoko kuu," akasoma. "Njia ya kubebea mizigo kulizunguka iko ukingo wa kushoto." Akatikisa kichwa. "Njia iko kulia, mama. Ipo mpaka leo. Tumeikagua yote, hamna hata unyayo. Mzee wenu alikuwa kalewa."

Baba yake akacheka kidogo, kwa adabu. Mimi nikafungua kurasa za mwanzo. Mpimaji alianzia mdomoni mwa mto. Kila siku aliandika vilima vikizidi kukaribia.

"Hakulewa," nikasema. "Alikuwa anapanda. Kushoto kwake ni kulia kwa anayeshuka."

"Na wao walikuwa wanashuka," akasema nahodha polepole.

"Ndiyo. Kwa hiyo walibana kushoto, wakitafuta njia. Kushoto kuna nini?"

Nahodha akaifunika ripoti kwa kiganja.

"Mwamba, mama. Ukuta mtupu, hamna pa kushika. Na maji yote yanasukumwa huko."

"Basi nendeni!" Baba yake alikwishasimama. "Si mmeshajua pa kutafuta? Twendeni!"

"Tunakwenda, mzee wangu."

Nahodha akatoka uani akaita wenzake. Kupitia dirishani niliwaona wakipakia kamba, kulabu na turubai. Mablanketi waliyokuwa wamekunja vizuri tangu asubuhi wakayatoa botini, wakayaweka chini uani kupata nafasi.

Baba yake akayaona pia. Akakimbia, akayakumbatia yote.

"Mmesahau haya! Watasikia baridi!"

Vijana wakainamisha vichwa. Nikamfuata, nikamshika mkono.

"Yaache, mume wangu," nikamwambia. "Yaache."