Kiapo cha Mama Bilan

Nasimiyu wa Kabuchai alikuwa fundi wa programu za kompyuta, wa kujitegemea, asiye na bosi ila wateja wake. Na maneno alikuwa nayo! Akiwafunza wenzake wa Bungoma kazi hiyo, alianza na hili: mteja mwambie ukweli, hata kama unakuchoma. Kusema ni rahisi, bana.

Mama Bilan, mnunuzi wa mahindi jirani na msikiti mjini Kitale, alimpa kazi ya kutengeneza mfumo wa ujumbe wa simu. Mahindi yakishapimwa unyevu, mkulima ajulishwe kama yamekubaliwa au yamekataliwa. Nasimiyu akaujaribu kwa namba za wakulima wenyewe. Uvivu tu, hakutaka kubuni nyingine. Alidhani amezuia ujumbe usitoke. Ukatoka. Wakulima wote wakaambiwa mahindi yao yamekataliwa, waje wayachukue.

Asubuhi Mama Bilan alimpigia simu, na neno la kwanza likamtoka Nasimiyu kabla hajafikiri. "Ni mtandao, mama. Ulisumbua."

Alipofika Kitale, stoo ilikuwa imejaa watu. Kimutai wa Saboti, aliyekodi trekta kuja kubeba magunia yake, alikuwa anafoka.

"Ati mtandao? Si ni njama yenu! Mnasema mahindi iko na maji, halafu mnanunua na bei ya kutupa."

"Wallahi, Kimutai, ni mtandao," Mama Bilan akasema. "Huyu msichana hawezi kunidanganya."

Mama huyo hakuwa mtu wa kuapa ovyo, Mkristo na Mwislamu walilijua hilo. Waliokuwa wameanza kupakia wakashusha magunia. Mambo yalikuwa yameisha, na Nasimiyu alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama, si mtandao," akasema. "Ni mimi. Nilijaribu mfumo na namba za watu."

Mama Bilan hakumtazama. Aliwageukia wakulima.

"Nimeapa kwa Mungu, na haikuwa kweli. Nisameheni."

Kimutai akainamisha kichwa, hasira zote zimemwisha. Nasimiyu akaanza kueleza haraka haraka vile atarekebisha. Mama Bilan akamkatiza kwa upole, na ni upole huo uliomuumiza.

"Utarekebisha, najua. Lakini asubuhi nikikupigia, si tulikuwa wawili tu? Ungeniambia hapo."