Nyota Tano za Shemeji

Mafunzo ya kuzuia kuanguka kazini yalikuwa ya saa mbili kwenye simu, na msimamizi aliyamaliza kwa niaba ya watu kumi na wawili mchana mmoja. Usishangae. Kampuni ilitaka kila fundi awe na cheti kabla ya Ijumaa, mafundi walikuwa juu ya jukwaa wanapiga lipu, na lipu haingoji mtu amalize darasa. Basi akaketi kibandani, akawa anabonyeza tu, endelea, endelea, kwa jina la huyu kisha la yule.

Mwisho wa mafunzo palikuwa na ukurasa wa maoni, na usipoujaza cheti hakitoki. Hapo ndipo bwana mkubwa alipojifanya mtunzi. Mmoja alimwandikia "picha ni nzuri", mwingine "mwalimu anaeleweka". Alipofika kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, undugu ukamzidi, akampa nyota tano na maneno ya nyongeza: "Nimeelewa yote. Kuanzia leo sipandi bila kujifunga ipasavyo. Nikianguka, nimejitakia." Akacheka peke yake.

Wiki ya pili shemeji akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Mkanda wa usalama alikuwa nao kiunoni, lakini ndoano yake alikuwa ameitundika kwenye mkanda huo huo, kama mtu anayetembea na funguo za nyumba. Somo la nne lilionyesha ndoano inafungwa wapi. Yeye hakuliona hata kwa dawa.

Daktari alisema uti wa mgongo upasuliwe ndani ya siku tano, la sivyo miguu ndiyo basi tena. Kampuni ikajibu kwamba haimgharamii mtu aliyefundishwa akapuuza, na ushahidi ikautoa: maoni yake mwenyewe, nyota tano.

Msimamizi hakula, hakulala. Siku ya tatu maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akamwendea afisa usalama wa kampuni, akamwaga yote.

"Niliandika mimi. Yule hajui kusoma, mzee. Hajui hata herufi moja."

"Kila mtu huyakana maandishi yakishamgeuka," afisa akasema. "Na wewe ni shemeji yake. Twende tukamuulize mwenyewe."

Wodini walimkuta amelala chali. Kando yake alikaa binti yake wa darasa la tano, daftari mapajani.

"Pole, fundi," afisa akasema, akamwonyesha simu. "Maoni haya ya mafunzo uliandika wewe?"

Mgonjwa alimtazama msimamizi. Huyu akifukuzwa kazi, dada yake na watoto watakula nini? Kisha akamtazama binti yake.

"Niliandika mimi."

"Shemeji, usifanye hivyo!"

"Niliandika mimi, nimesema."

Ilibaki njia moja, na aliichukia kwa moyo wake wote. Msimamizi akaichukua simu, akaitia mkononi mwa shemeji yake.

"Basi tusomee. Mstari mmoja tu."

Mgonjwa akaishika. Midomo ikamcheza, jasho likamtoka, neno halikutoka.

Binti akainuka mbio kumwokoa baba yake. "Macho yake huwa yanachoka," akamwambia afisa kwa adabu. "Kila siku namsomea mimi. Barua, gazeti, maandishi ya kwenye dawa, kila kitu. Lete, baba."

Afisa hakuuliza tena. Alitoa kalamu, akaandika kwa muda mrefu, kisha akamwambia msimamizi kwamba kampuni italipia upasuaji, na kwamba yeye kesho asije kazini. Msimamizi alishukuru, na machozi yakamtoka mbele za watu. Akainama kitandani.

"Nisamehe, shemeji. Utatembea. Unasikia? Utatembea."

Binti alikuwa bado na simu mkononi. Hakuwa anaisoma. Alikuwa anamtazama baba yake, na safari hii ameelewa.

Mwili wa shemeji haukugeuka, ila shingo ilikuwa ingali inamtii. Akaigeuza, akatazama ukuta.